Kila mvua ikinyesha napanga ndoo, mume anasema ni kawaida

Mjomba shikamoo,

Naandika usiku huu, mvua ndo imekatika na mimi ndo namaliza kukamua matambara. Naomba uniambie ukweli maana hapa nyumbani kila mtu ana jibu lake na maji nayo yana la kwake.

Iko hivi. Nyumba yetu ni ya bati na ina umri kidogo, zaidi ya miaka kumi. Chumbani kwetu kwenye silingi kuna doa la kahawia, lilianza la kufunikwa na kiganja tu, mvua ikiisha mume anapanda kwenye stuli anapaka rangi nyeupe linapotea, afu mvua ikirudi na lenyewe linarudi, kubwa kuliko mwanzo. Saivi silingi pale imeanza kubonyea kuja chini na taa ya chumba iko karibu hapohapo.

La pili ni ukuta wa koridoni ambao nyuma yake kuna bafu. Rangi inafura inabanduka kuanzia chini mpaka usawa wa goti, ukigusa unatoka unga mweupe, na huu ukuta hauna habari na mvua, yaani jua liwake mwezi mzima wenyewe umelowa tu. Afu kabati la nguo chumba cha watoto, ambalo limegusana na ukuta wa nje, linanuka, nguo zinatoka na fangasi nyeusi kwenye kola. Bili ya maji nayo imepanda, nimeuliza nani anaoga mara tatu kwa siku, hakuna.

Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza alisimama uani akaangalia juu akasema ng'oeni paa lote. Wa pili akasema paa halina shida, tununue rangi ya kuzuia maji tupake silingi na ukuta kwa ndani basi. Mume wangu anasema nyumba zote zinavuja mvua ikizidi, na nikimwambia tusafishe gata ananijibu "kitu kikiharibika tutatengeneza, hakijaharibika tunatengeneza nini". Tumefika mahali mawingu yakikusanyika tu tushanuniana, tone halijadondoka bado. Na tafadhali Mjomba usiniambie usipoziba ufa utajenga ukuta, hiyo naijua, na ukuta wenyewe ndo huo unaooza.

Nimwamini fundi yupi? Kuna utaratibu gani wa kufuata ili haya mambo yasijirudie kila msimu? Na huyu baba nimwambieje bila vita?

Mchovu wa Ndoo

*

Marahaba mwanangu, na pole ya matambara.

Kabla sijafika kwa mafundi nianze na hiyo taa maana ndo imenishtua kuliko vyote. Silingi ikibonyea ujue kuna maji yamekaa juu yake, na maji yakikutana na waya hayapigi hodi. Zima umeme wa chumba hicho kule kwenye swichi kuu, tumieni tochi kwa sasa. Afu sogezeni kitanda, wekeni beseni, mtu asimame pembeni, asikae chini yake kabisa, atoboe tundu dogo kwa bisibisi pale palipobonyea zaidi maji yashuke taratibu. Najua inauma kutoboa silingi yako mwenyewe ila tundu la bisibisi linazibika, silingi nzima ikiwadondokea usiku mmelala hiyo ni habari nyingine. Taa isiwashwe mpaka fundi umeme aifungue aone ndani kumekauka. Hilo ni la leo, mengine yanaweza kusubiri kesho.

Haya sasa. Umwamini fundi yupi? Kwa sasa hakuna. Wote wawili wamekupa dawa bila kupima, mmoja ametibu paa akiwa uani na mwingine anataka kuuza rangi, na kwenye barua yako yote sijaona mahali pameandikwa mtu amepanda darini. Afu ukisoma vizuri ulichoandika, nyumba yako haina shida moja ya maji, ina tatu na kila moja ina maji yake. Silingi inalia mvua ikinyesha, hayo ni ya paa. Ukuta wa koridoni umelowa hata jua likiwaka mwezi mzima, kwahiyo hayo ni ya bomba au ya kuogea. La kabati la watoto inawezekana kabisa ni mvuke wa humohumo ndani. Ukichanganya hivi vitu utang'oa paa zima na ukuta utaendelea kulowa kama kawaida.

Tuanze na juu. Maji yakipenya kwenye bati hayadondoki palepale, yanatambaa na mbao za kenchi, zile zinazobeba bati, kufuata mteremko mpaka yakutane na kiungo au msumari ndo yaachie. Kwahiyo doa lako linaweza kuwa mita mbili tatu kutoka kwenye tundu lenyewe, na tundu mara nyingi liko upande wa juu wa mteremko. Mtu apande darini mchana jua likiwa kali, akanyage mbao tu, asikanyage silingi. Azime tochi kwanza, akae kidogo macho yazoee giza, kila palipotoboka pataonyesha mwanga. Akishaweka alama ndo awashe tochi afuate ile michirizi myeusi kwenye mbao kupanda nayo mpaka inapoanzia. Mkikosa mwanga kuna njia ya mpira wa bustani: siku kavu mmoja anakaa darini, mwingine nje kwenye ngazi anamwagia paa kuanzia chini, dakika kama kumi sehemu moja, afu anasogea juu kidogo, anasubiri tena. Mkianza na juu maji yatashuka kote na hamtajua yameingilia wapi. Na asipande juu ya bati lililolowa hata kama anajiita fundi, ngazi iliyoshikiliwa na mtu inatosha.

Kwenye paa la bati mimi huwa nashuku misumari kwanza. Ile raba iliyo chini ya kichwa cha msumari inapigwa na jua miaka na miaka inakauka inapasuka, na bati lenyewe linatanuka mchana, usiku linasinyaa, linaulegeza msumari kidogo kidogo mpaka unachungulia. Kubadilisha misumari si kazi ya kuogopa. Baada ya misumari angalieni kofia za juu, yaani bati zinazofunika kilele cha paa, pale paa linapokutana na ukuta, na lile bonde la mapaa mawili kukutana, hapo majani yanajazana yanapandisha maji mpaka yanaingia chini ya bati. Fundi wa kwanza anaweza akawa sahihi, sikatai, bati likishaliwa na kutu likatoboka sehemu nyingi kuweka kiraka juu ya kiraka ni kuchezea hela. Ila akuonyeshe hizo sehemu, apige picha na simu yake, si kuangalia paa kutoka uani.

Na gata, hapa naomba baba mwenye nyumba asogee asikilize. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita moja ya mraba inakupa lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya mchana mmoja tu wala haitangazwi redioni, ni lita 2,000. Hizo lita zote zinapita kwenye gata zako. Zikikuta majani zinatafuta njia nyingine, zingine zinarudi nyuma zinaingia kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, na vichwa vya kenchi mbao zinaanza kuoza, zingine zinamwagika mguuni mwa ukuta mahali palepale kila siku mpaka msingi unalowa. Kwahiyo ule msemo wa "kikiharibika tutatengeneza" kwenye gata haufanyi kazi, gata haitakwambia imeharibika, yenyewe inajaa tu na kitakachoharibika ni vitu vya jirani yake. Zisafishwe kabla msimu wa mvua haujaanza na tena katikati, kama kuna mti umeinamia nyumba basi mara nyingi zaidi. Ukishasafisha mwaga ndoo ya maji upande wa mbali uone kama yanakimbilia kwenye bomba la kushukia, mteremko wa milimita 2 au 3 kwa kila mita unatosha, yakituama katikati kuna kishikizo kimelegea. Bomba la kushukia nalo lisiishie kwenye kona ya nyumba, liongezewe kipande limwage mita moja na nusu au mbili mbali. Na udongo unaozunguka nyumba uteremke kwenda nje, kama sentimita 15 kwenye mita 3 za kwanza. Kuna watu wanapenda bustani mpaka wanarundika udongo ukutani unafunika ile tabaka ya kuzuia unyevu ya kwenye msingi, afu wanashangaa ukuta unanyonya maji.

Twende kwenye ukuta wa bafu. Bili yako imeshaongea ila tuhakikishe. Usiku watu wakishalala funga koki zote, mashine ya kufulia izimwe, asiflashi mtu. Piga picha mita ya maji, baada ya saa mbili piga nyingine, au asubuhi kabla hajaamka mtu. Kama mna tanki la juu kuna ujanja kidogo, funga koki inayoingiza maji kwenye tanki na uweke alama ya usawa wa maji ndani yake, hapo mita inakupa habari za bomba linalotoka barabarani na tanki linakupa habari za bomba za ndani. Usipofunga, tanki litajijaza usiku mita itazunguka na wewe utausingizia ukuta. Namba zikisogea au tanki likipungua, kuna bomba lenye presha linavuja mahali, na kama ni la hiyo bafu fundi bomba afungue hapo kwenye ukuta, si kwingine.

Ila usiruke choo. Raba ya chini ndani ya tanki la choo ikichakaa maji yanapita kwenda kwenye bakuli kimyakimya usiku kucha, husikii kitu, unaona bili tu. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tanki, msiflashi nusu saa, ukikuta rangi imeshuka kwenye bakuli badilisha raba. Choo kinachovuja namna hiyo hakilowanishi ukuta, kwahiyo usishangae ukikuta bili ina mwizi wake na ukuta una wa kwake.

Sasa namba zisiposogea kabisa ujue maji yanaingia ukutani mkiwa mnaoga tu. Ni grauti, ile simenti ya kuziba nafasi, iliyotoka katikati ya tailizi, ni silikoni iliyobanduka kwenye kona, au ni bomba la maji machafu ambalo halina presha ndo maana mita haisemi kitu. Chora mstari wa penseli kuzunguka sehemu iliyolowa pale koridoni, andika tarehe, afu pumzisheni hiyo bafu siku kadhaa, ogeni kwingine au kwa beseni. Mstari ukianza kubaki nje ya unyevu jibu mmepata. Silikoni ya zamani ikwanguliwe yote, tena yote, maana mpya haishiki juu ya kuukuu, pakaushwe, ipakwe, iachwe saa 24 kabla hajaoga mtu. Na hata ukuta ukishapona kila baada ya miezi kadhaa pitisha kucha kwenye ukingo wa silikoni, ikinyanyuka imekwisha kazi.

Ule unga mweupe ni chumvi za ndani ya simenti na matofali, maji yanazibeba yakitoka, yakikauka yanaziacha usoni mwa ukuta. Kwahiyo huo unga unakwambia maji yanatoka ndani ya ukuta kuja kwako, na ndo maana sitaki ile rangi ya fundi wa pili. Rangi isiyopitisha maji kazi yake ni upande maji yanakoingilia, ukiipaka upande yanakotokea umeyafungia mlango tu, yatapanda juu kutafuta pa kutokea, leo goti, mwakani kiuno, na hiyo rangi nayo itafura ibanduke. Kwenye silingi ndo usiseme kabisa, atakuwa amekutengenezea bwawa.

Kabati la watoto ni jepesi kulijua. Livute mbele, bandika kipande cha nailoni ukutani nyuma yake, ziba kingo zote kwa tepu, acha siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani ni mvuke wa ndani, yakiwa upande wa ukutani basi ukuta wenyewe umelowa na inabidi urudi nje uangalie gata na msingi wa upande huo. Ikiwa mvuke, kabati lisigusane tena na ukuta, liachie sentimita 5 mpaka 10 hewa ipite, nguo zisianikwe ndani, na mkishaoga mlango wa bafu ufungwe dirisha lake liachwe wazi. Fangasi inaweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48 kitu kikibaki kimelowa, kwahiyo taulo na mikeka ya bafuni visikae chungu kwenye kona mpaka wikiendi.

Vingine napita haraka. Kila mtu mzima wa nyumba hiyo ajue koki kuu iko wapi, na izungushwe kufunga na kufungua kila miezi michache maana isipoguswa inaganda, na siku bomba limepasuka ndo unagundua haizunguki. Mkisafiri ifungeni. Mipira ya mashine ya kufulia ina presha muda wote, ikifika miaka mitano badilisheni hata kama inaonekana mizima, ikianza kuvimba au kupata nyufa hata mwaka usiisubiri. Chini ya sinki toeni marundo ya sabuni ili mpate kuona, pitisha kiganja kwenye viungo vya bomba mara moja kwa mwezi, mkono ukitoka mkavu endelea na shughuli zako. Kama mna hita ya tanki, tope la chini litolewe mara moja kwa mwaka, na kutu ikianza kuonekana kwenye maungio usiifute na kitambaa ukasahau, mwite fundi. Na AC kama ipo, kale kabomba kake ka kutoa maji kakiziba maji yatarudi ndani kwenye ukuta.

Mume sasa. Usimwambie wakati mvua inanyesha, wakati huo wote mna hasira na yeye anajua ameshindwa kesi. Subiri siku ya jua umpe zile picha mbili za mita uziache mezani, namba hazina sauti ya kulaumu. Mwambie koki inayodondosha tone moja kila sekunde inapoteza kama lita 20 kwa siku, zaidi ya lita 600 kwa mwezi, na mnazilipia. Afu mgawane kazi kabisa, yeye achukue paa na gata, wewe mita, choo na chini ya masinki, kila mtu na tarehe zake kwenye simu. Mimi kwa maoni yangu wanaume wengi hawakatai kazi, wanakataa kukumbushwa, kwahiyo simu ndo imkumbushe. Na kama mna bima ya nyumba mwambie aisome, kampuni nyingi za bima zinalipa bomba lililopasuka ghafla ila hazilipi uharibifu wa maji yaliyovuja polepole kwa kukosa matunzo.

Fundi utakayemrudisha, mpe sharti moja tu, asikutajie bei kabla hajakuonyesha maji yanaingilia wapi. Akikataa kupanda darini mwache aende.

Rangi iwe ya mwisho kabisa. Ukuta mnene uliolowa muda mrefu hauna haraka, unaweza kuchukua miezi kukauka, kwahiyo usidanganywe na uso mkavu, uangalie ule mstari wa penseli. Plasta iliyofura ing'olewe mpaka mfike kwenye sehemu ngumu, chumvi ipigwe brashi kavu, msiioshe kwa maji mtairudisha ndani, ndo ipigwe plasta mpya nayo ikauke. Na lile doa la silingi linataka kwanza praima ya kuzuia madoa, yaani rangi ya kutangulia, rangi ya maji ya kawaida ukiipaka moja kwa moja inaipitisha ile kahawia hata kama paa limeshapona. Likitokeza tena baada ya hapo lishike kwanza kwa mkono kabla hujamlaumu mtu, likiwa kavu ni shida ya rangi, likiwa limelowa mrudishe fundi darini.

Mjomba